Kadi ya Nyotamkia

Kadi ilikataliwa kwa mara ya sita saa nne na dakika kumi asubuhi. Atuganile aliipiga meza kofi hadi chai ya mzee Tweve ikaruka kikombeni na kumwagikia viazi vyake vya kuchemsha.

"Kisanduku cha kumi na nne," alisema. "Tena! 'Andika mwito wa chombo.' Nitaandikaje mwito wakati mwito ndio uliokatika? Korongo ingekuwa inaita, mimi ningeitafuta ya nini?"

"Weka sifuri, mama Lusajo," alisema Tweve, akifuta viazi kwa mkono wa sweta.

"Nimeweka mara mbili, imekataliwa. Na neno hilo usinitajie humu ndani."

Tweve alirudi kwenye viazi vyake. Alibakiza miezi minane kustaafu, na alijua ni maneno gani hayatajwi katika chumba kile.

Chumba chenyewe kilikuwa na meza tatu, jiko la mkaa na dirisha lililotazama mashamba ya viazi ya Matamba. Darubini haikuwepo hata moja. Watoto wa shule walioletwa kutembea waliuliza iko wapi, na Atuganile aliwaonyesha kioo cha mashine yake akasema, "Hii hapa." Waliondoka wamenuna. Lakini alikuwa akisema kweli. Darubini zote za dunia, pamoja na zile mbili za upande wa nyuma wa mwezi, zilikuwa hazishikwi na mkono wa mtu tena. Aliyetaka kitu kitazamwe aliandika kadi: jina la kilengwa, kilipo, kinavyokwenda, ukubwa wake, mwangaza wake, kitazamwe lini. Visanduku ishirini na viwili, sawasawa kwa kila nchi, kama ulivyoagiza Mwongozo. Kadi ikikubaliwa, Mgawaji, mashine iliyopanga zamu za darubini zote, aliipeleka kwa darubini yenye nafasi. Ikikataliwa, kitu hicho kilihesabiwa kuwa hakipo.

Na Korongo, kwa mujibu wa Mgawaji, haikuwepo.

Jana saa kumi na mbili jioni ilikuwepo. Ilikuwa chombo cha mafundi, watu wanne, waliokarabati mitambo ya mawasiliano mbali kupita mwezi. Rubani wake, Ndimyake, alikuwa amekaa miaka mitano kwenye meza ile ya tatu, hadi alipochoka kuandika kadi za vitu asivyoweza kuvifikia akaenda kujifunza urubani. Jana sauti yake iliingia ikikwaruza: tangi la gesi limepasuka, umeme unakwisha. "Msituhesabie mstari ulionyooka, dada Atu," alisema. "Gesi inatusukuma pembeni, kama..." Hapo mwito ukakatika.

Hewa iliyobaki ndani ingewafikisha kesho saa moja asubuhi. Chombo cha kuvuta wenzake, Punda, kilikuwa tayari, na nahodha wake Shekilindi alikwisha piga simu mara tatu kuuliza aelekee wapi. Akipewa mahali kabla ya saa tisa alasiri, angewahi. Baada ya hapo angekwenda kuokota maiti.

* * *

Simu ya Kamati ya Viwango iliita kwa muda mrefu. Aliyepokea alikuwa katibu mwenyewe, Bwana Rweyongeza, mtu wa sauti laini asiyekatiza mtu hata akitukanwa.

"Habari za asubuhi, Bi Atuganile. Ni kuhusu pendekezo lako?"

"Pendekezo langu lina miaka tisa, Bwana Rweyongeza. Lingekuwa mtoto lingekuwa darasa la tatu. Leo nina watu wanne wanaokosa hewa na kadi yenu haitaki kupita."

Alimweleza. Rweyongeza alisikiliza hadi mwisho.

Pendekezo lenyewe lilikuwa la mstari mmoja. Mwongozo haukukubali kisanduku kitupu. Kwa hiyo mtu asiyejua ukubwa wa kitu aliandika sifuri, na mashine zikasoma kwamba kitu hakina ukubwa. Asiyejua mwendo aliandika sifuri, mashine zikasoma kwamba kimesimama. Atuganile aliliona hilo mwaka wake wa kwanza kazini, akiwa na stashahada mpya na subira ndefu kuliko sasa. Mtoto ukimuuliza nani kavunja kikombe, jibu la "sijui" unaweza kulifanyia kazi. Akikwambia "hakuna kikombe", umekwama. Aliomba kiongezwe chaguo moja tu: haijulikani. Kila mwaka waliliahirisha. Kwa kuchoka kusubiri alijitengenezea chekeche lake la hapo ofisini, programu ndogo iliyokamata kila sifuri ya ukubwa au mwendo kabla haijatoka Matamba na kuweka wastani wa vitu vya aina hiyo. Wastani si ukweli, alikuwa akisema, lakini angalau haujifanyi kuujua.

"Toa ruhusa," alimwambia Rweyongeza. "Kwa kadi hii moja, mwito uachwe wazi."

"Sina mamlaka hayo, mama. Hakuna aliye nayo."

"Basi waamshe wanakamati."

"Wakiamka wote, marekebisho yanasomwa mara tatu, kila mara kwa siku yake. Najua linavyosikika."

"Linasikika kama upuuzi."

"Unakumbuka kwa nini mwito ni lazima?" aliuliza Rweyongeza.

Alikumbuka. Kila mtu wa umri wake alikumbuka. Mwezini zilipandwa taa kumi na mbili kubwa, zikaitwa Fagio, na kazi yake ilikuwa moja: kuchoma jiwe, barafu au takataka yoyote kubwa iliyoelekea njia za vyombo. Fagio lilisoma kadi zile zile za darubini. Kitu kilichoandikwa chombo, lilikiacha kipite. Wajanja fulani wakaandika shehena ya vyuma chakavu kuwa chombo, bila mwito, ili isichomwe kabla hawajaiuza. Vyuma vile vilipasua kituo cha makazi cha huko angani. Watu sitini na mmoja. Tangu siku hiyo chombo bila mwito si chombo, na Fagio likaondolewa watu wote, kwa sababu aliyekuwa zamu siku ile alipigiwa simu akabembelezwa, akabembelezeka.

"Kaka yangu alikuwemo," alisema Rweyongeza. "Sikwambii ili unihurumie. Nakwambia kwa sababu najua unachofikiria sasa hivi, maana na mimi niliandika kadi miaka kumi na minane. Unafikiria kuandika kitu kingine. Kadi ikidanganya leo kwa sababu nzuri, kesho atakuja mwenzako naye ana sababu yake nzuri."

Atuganile aliifunga kadi iliyokataliwa kwenye kioo.

"Asante kwa msaada wako," alisema, akakata.

* * *

"Nyotamkia," alisema Tweve.

"Nini?"

"Kadi ya nyotamkia ina visanduku vya gesi." Alisogeza kiti chake. "Nyota yenye mkia inatoa gesi, gesi inaisukuma, inapinda njia. Kwa hiyo wakaiwekea visanduku vitatu vya kupinda. Kadi ya chombo haina. Inaonekana kamati iliamini vyombo havivuji."

"Nimelijua hilo tangu saa mbili, Tweve. Nilikuwa namwomba Mungu usilitaje."

Waliangaliana. Nyotamkia haihitaji mwito. Andika ilipoonekana mwisho, andika gesi inasukuma upande gani, na Mgawaji angezielekeza darubini mahali hasa Ndimyake alipo. Lakini Fagio nalo lingesoma: barafu, inakuja upande huu. Fagio haliulizi lingine.

"Fagio linachoma kwa ukubwa," alisema Atuganile polepole. "Kisanduku cha tisa. Kitu kisicho na ukubwa haliwezi kukipigia hesabu, linakiruka."

"Kwa hiyo utaandika..."

"Usilitaje."

Alisimama akaenda dirishani. Bondeni kulikuwa na mama anapalilia viazi, mtoto mgongoni, na kila alipoinama mtoto aliyumba naye. Atuganile alijaribu kuufikiria uongo huu kama mkubwa kuliko ulivyo, ili umtishe. Miaka tisa alikuwa amewagombeza watu wa ofisi nzima, na wa ofisi za nchi nyingine pia, kwamba kadi ni kiapo: watu usiowajua, na mashine zisizo na akili, wanaiamini na kutenda. Mtu anayelala kwenye kituo cha makazi analala kwa sababu ya kadi. Leo angeandika aina ya uongo na ukubwa wa uongo kwenye kadi moja. Rweyongeza alikuwa sahihi. Huo ndio ubaya wake, alikuwa sahihi kabisa, na Ndimyake angekufa wakati yeye yuko sahihi.

Alirudi mezani.

"Nikikamatwa, wewe ulikuwa chooni," alimwambia Tweve.

"Siku nzima?"

"Viazi vilikuwa vibichi."

Aliandika. Aina: nyotamkia. Gesi: visanduku vyote vitatu, kwa hesabu aliyoifanya usiku kucha kwenye karatasi. Mwangaza: hafifu sana. Ukubwa. Kidole kilisita juu ya kitufe kile alichowakataza wengine miaka yote. Akabonyeza sifuri, akatuma.

Kadi ilikubaliwa kabla hajaondoa mkono.

* * *

Alikuwa ameomba darubini mbili. Ndani ya dakika kumi zilikuwa nane. Saa tano na nusu zilifika arobaini na moja, na nyingine zilikuwa zinaachishwa kazi zao katikati.

"Leo Mgawaji ana roho nzuri," alisema Tweve.

"Mgawaji hana roho." Lakini Atuganile hakuuliza zaidi, kwa sababu kwenye kioo kilikuwa kimetokea kitone. Kilikuwa na ukungu mwembamba upande mmoja, gesi, na kila picha mpya ilikionyesha kimesogea pembeni kidogo, kama mtu anayetembea huku anavutwa mkono. Darubini zilitoa mahali pake, mwendo wake, mpindo wake. Namba tisa, safi. Alivuta kiti akakaa.

"Ndimyake, mwanangu," alisema Tweve, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Huyo hapo."

Kisha simu zote mbili za ofisi zikaita pamoja, na ya Atuganile ya mfukoni ikawa ya tatu. Aliinua hiyo ya mfukoni.

"Bi Atuganile." Sauti laini ya Rweyongeza ilikuwa imepata mikunjo. "Kuna nyotamkia ya kilomita mbili imeandikwa kutoka ofisi yako. Dunia nzima inaitazama. Fagio limeshaanza kupasha moto taa zake."

"Kilomita mbili gani? Ukubwa nimeandika..."

Akaigeukia mashine. Alifungua kadi, ile iliyotoka, si ile aliyoiandika. Kisanduku cha tisa: kilomita mbili nukta moja. Wastani wa nyotamkia zote zinazojulikana.

Chekeche. Chekeche lake. Aliloliunda kwa mikono yake ili sifuri ya Matamba isimdanganye mtu.

Kitu cha kilomita mbili, kilicho karibu namna hiyo, lakini hafifu kuliko kibatari. Mtu yeyote mwenye akili timamu angeuliza. Mgawaji hakuuliza, Fagio halikuuliza. Visanduku vyote vilikuwa vimejaa.

"Linachoma saa ngapi?" aliuliza.

"Saa saba na nusu."

Saa ya ukutani ilisema saa sita kasoro dakika tano.

"Tweve, fungua ukurasa wa kufuta kadi."

Ukurasa ulifunguka na kuuliza swali moja: sababu. Majibu yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa *kosa*. Kadi ya kosa ilifutwa baada ya kungoja muda wa saa sita, ili kila ofisi ipate nafasi ya kuihakiki. La pili lilikuwa *udanganyifu*. Kadi ya udanganyifu ilifutwa papo hapo, pamoja na kila kilichoonwa kupitia kadi hiyo, na mwandishi wake hakuandika kadi nyingine maisha yake yote. Hilo nalo lilitungwa baada ya wale sitini na mmoja.

"Lakini hili kweli ni kosa," alisema Tweve. "Chekeche ndilo lililokosea, mama Lusajo. Si wewe."

"Chekeche ni langu. Na nyotamkia haipo, Tweve, niliijua haipo."

"Saa sita hatuna."

"Hatuna. Ndiyo nasema."

Rweyongeza alikuwa bado hewani. Walimsikia anavuta pumzi. Atuganile alingoja mahubiri.

"Mmeshanakili zile namba?" aliuliza Rweyongeza.

"Bado."

"Ukibonyeza, zinafutika nazo. Nakili kwanza. Mimi nasubiri."

Mashine haikuruhusu kunakili kitu kilichokuwa chini ya kadi iliyoombewa kufutwa, na dakika zilikuwa zinakwenda. Tweve alivuta kilichokuwa karibu, daftari la mahudhurio, akalifungua ukurasa wa leo na kuandika kwa kalamu, namba baada ya namba, huku Atuganile akisoma kwa sauti na yeye akirudia. Walisoma mara mbili. Ya tatu Tweve alisoma, Atuganile akahakiki. Kisha akampigia Shekilindi.

"Andika, nahodha."

Shekilindi aliandika. Alipomaliza alisema, "Namba ya kadi?"

"Hazina kadi."

"Zimetoka wapi sasa?"

"Kwenye daftari la mahudhurio."

"La nini?"

"La ofisi, nahodha! Juu kuna Tweve aliingia saa moja na nusu, Atuganile hakutoka jana, na chini yake kuna watu wanne. Baada ya dakika moja hutaziona kwenye mashine yoyote duniani. Hakuna wa kukuhakikishia isipokuwa mimi, na mimi ndiye niliyetoka kudanganya. Unakwenda au huendi?"

Upande wa pili wa simu kalamu iligonga meza mara mbili.

"Huko nyuma uliwahi kunipa namba mbovu?"

"Sijawahi."

"Basi nakwenda, mama. Punguza ukali."

Atuganile aliurudia ukurasa. Alichagua *udanganyifu*. Mashine ikamuuliza kama ana hakika. Akasema jambo ambalo Tweve alijifanya hakulisikia, akabonyeza.

Kitone kilipotea. Darubini arobaini na moja zikageuza shingo, kila moja ikarudi kwenye kazi yake. Mezani, kadi zake zote za miaka tisa zikafifia moja moja, jina lake likiondoka kwenye kila kisanduku cha mwandishi, hadi ukurasa ukawa mweupe.

"Fagio limepoa," alisema Rweyongeza hatimaye. "Nitaandika taarifa. Nitaandika yote, mama, ujue hilo. Sitakupunguzia."

"Sijakuomba unipunguzie."

"Na pendekezo lako. Huwezi tena kuliwasilisha, huna idhini. Nani mwingine ofisini hapo anayo?"

Atuganile alimtazama Tweve, ambaye alikuwa amelikumbatia daftari kifuani kama mtu atakayenyang'anywa.

"Yupo mmoja," alisema. "Amebakiza miezi minane, kwa hiyo mfanye haraka."

* * *

Kesho yake saa tatu asubuhi alikuwa anajaza fomu ya kuacha kazi. Hakuwa amelala, na saa kumi na moja alfajiri Shekilindi alikuwa amepiga simu akasema maneno mawili tu, "Nawaona," kisha mawasiliano yakakatika kama kawaida yake. Tangu hapo, kimya. Atuganile alikuwa amepanga droo, ameosha vikombe, amegombana na Tweve juu ya mkaa. Kilichobaki kilikuwa fomu.

Jina. Cheo. Sababu ya kuondoka, ambayo ilikwisha jazwa na mashine yenyewe. Kisha kisanduku cha mwisho: *Tarehe ya kurejea kazini. Lazima ijazwe.*

"Wamenifuta maisha, wananiuliza narudi lini," alisema.

Tweve alifumbua mdomo. Atuganile akamtazama. Tweve akaufumba.

Aliandika: *haijulikani*. Fomu ikalia na kuwaka nyekundu. Akaandika tena, herufi moja moja, kwa utulivu wa mtu anayemfundisha mtoto kufunga viatu. Ikalia tena.

Simu ya mfukoni iliita. Namba ilikuwa ndefu, ya huko juu.

"Dada Atu?" Sauti ilikuwa kavu, ndogo, imepauka. "Wote wanne tunahema. Fundi wangu amevunjika mkono lakini analalamika, kwa hiyo mzima. Shekilindi anasema mlitupata kwenye daftari la mahudhurio. Nimemwambia ameanza kunywa."

Atuganile alikaa juu ya meza ya tatu, ile iliyokuwa ya Ndimyake, akaweka mkono machoni. Nyuma yake fomu iliendelea kulia.

"Mama Lusajo," alinong'ona Tweve, "inataka tarehe."

"Iambie isubiri," alisema Atuganile, akatoka nje na simu.